Ebisarate za Gusii: Kweli au Si Kweli?

Vilima vya Ogembo, hapa Gusii magharibi mwa Kenya, vimejaa migomba, chai na mapaa ya mabati, wala huoni hata nguzo moja ya egesarate (kwa wingi ebisarate), kambi ya kale ya kulinda ng'ombe. Na kwa kuwa hakuna kilichosalia, kila mtu husema lake.

"Ebisarate zilikuwa mazizi ya ng'ombe tu."

Si kweli. Mzee, wake zake, mabinti na watoto walikaa omochie, yaani nyumbani. Mifugo mingi ililala malishoni, ikilindwa na vijana waliokwisha kutahiriwa na ambao hawajaoa, na hao ndio waliokuwa wakaaji wa egesarate. Wavamizi waliokuja kuiba ng'ombe walitoka kwa Wakipsigis na Wamaasai, na wakati mwingine walikuwa ukoo mwingine wa Wagusii wenyewe. Ng'ombe ndio mahari, kwa hiyo kijana aliyekesha na mkuki mlangoni alikuwa akilinda pia ndoa yake ya kesho. Tusiichanganye egesarate na esaiga, kibanda cha wavulana kinachojengwa pale pale nyumbani.

"Zilijifia zenyewe vijana walipoanza kwenda shule."

Si kweli, na uongo huu unaniuma kuliko mwingine wote. Wamisionari Wakatoliki walifika Nyabururu mwaka 1911, na Waadventista wakaja Nyanchwa mwaka uliofuata. Shule zao zilikuwa changa mno kumaliza makambi ya nchi nzima. Ebisarate zilivunjwa kwa amri ya serikali ya kikoloni mwaka 1913.

Amri hiyo ilikuwa na mizizi. Mwaka 1905 jeshi la Waingereza liliingia Gusii na kuua watu wengi. Januari 1908 Mgusii aliyeitwa Otenyo akamchoma mkuki Northcote, ofisa wao mkuu pale Kisii, ambaye alipona. Kisasi kilikuwa kikali: nyumba zilichomwa, ng'ombe wakaswagwa kwa maelfu, watu wakapigwa risasi, hata Winston Churchill, aliyekuwa Wizara ya Makoloni huko London, akapeleka simu ya kulalamikia mauaji ya watu wasio na kinga. Miaka mitano baadaye ikaja zamu ya makambi. Kwangu sababu iko wazi: serikali iliyokwisha kuonja mkuki haikutaka vijana wenye silaha wakae pamoja mbali na wazee.

"Wazungu hutunza majumba yao ya kale, ni sisi tu tuliopoteza yetu."

Si kweli. Katika karne ya 20 Uingereza ilibomoa mamia ya majumba makubwa ya mashambani, na mwaka 1974 jumba la makumbusho la Victoria and Albert, London, liliandaa maonyesho ya kuyaomboleza. Haverholme Priory huko Lincolnshire, nyumba ya ukoo wa Denys Finch Hatton, mwindaji Mwingereza aliyezikwa vilima vya Ngong nchini Kenya mwaka 1931, iliuzwa na kubomolewa katika miaka ya 1920. Kodi za urithi na pato dogo la mashamba viliwalemea mabwana wengi. Lakini wao waliuza mali yao wenyewe. Wazee wa Gusii hawakuuza chochote, waliamriwa.

"Kuvunjwa kwa ebisarate kulibadilisha ardhi yenyewe."

Kweli. Vijana walirudi nyumbani, wakaoa, wakajenga na kulima, na hatua kwa hatua malisho yakawa mashamba yenye mipaka. Leo hapa Ogembo ng'ombe wa familia ni mmoja au wawili, wamefungwa kando ya jiko, wanakatiwa majani ya nepia.