Kasoro, hitilafu au mteguko? Tuwape watafiti wetu maneno

JIRANI yangu hapa mtaani West Indies, Eldoret, ni fundi wa kuchomelea vyuma. Majuzi alinijia na swali lililokuwa likimkera kwa muda. “Mwalimu, binti yangu ananiambia shahada yake ya uzamifu ni ya kutafuta kasoro katika vyuma. Mimi nazitafuta kila siku na sina hata cheti. Huko chuoni nalipia nini hasa?”

Nilicheka, kisha nikanyamaza. Neno lilikuwa limewatenganisha mzazi na mwanawe.

Hebu tuanze na chuma chenyewe. Ndani yake, atomi hujipanga kwa safu kama punje za mahindi kwenye gunzi. Mpangilio huo hauwi kamili. Pengine atomi moja imekosekana, ikaacha pengo. Pengine atomi ya ziada imejipenyeza kati ya nyingine, jinsi kaboni inavyojibana kati ya atomi za chuma katika aloi tunayoiita feleji, yaani chuma cha pua. Pengine safu nzima inaingia hadi katikati, kisha inakatika.

Sasa, ‘kasoro’ ni neno lenye asili ya Kiarabu, na kiini chake ni upungufu. Ndiyo maana twasema saa mbili kasorobo. Basi linalifaa pengo. Lakini atomi ya ziada imepungukiwa na nini? ‘Dosari’ na ‘ila’ nazo zinalaumu, ilhali bila kaboni ile feleji haipo. Mimi napendekeza ‘hitilafu’. Najua mafundi wa umeme wamelizoesha maana ya kuharibika, ila asili yake ni kutofautiana, na hapa mpangilio umetofautiana na ule uliotarajiwa.

Na ile safu iliyokatika? Mwaka 1934 Taylor, Orowan na Polanyi, kila mmoja kivyake, walieleza kwamba metali hupindika kwa urahisi kwa sababu hitilafu za aina hii husogea ndani yake. Kiswahili kina neno tayari: mguu huteguka. Tuiite mteguko. Chukua waya, uukunje na kuukunjua mara kadhaa. Utazidi kuwa mgumu, kisha utakatika. Miteguko imeongezeka na kuzuiana, kama matatu zilizokwama mzungukoni.

Binti huyu hashiki waya. Huiambia tarakilishi kila atomi iko wapi na zinavyovutana na kusukumana, kisha sheria za Newton hutumika kukokotoa kila moja itasogea wapi. Huo ndio uigaji wa kiatomi. Hatua moja ya muda ni takriban femtosekunde moja: gawa sekunde mara milioni, kisha kila kipande mara bilioni. Hatua milioni moja za aina hiyo hutimiza nanosekunde moja tu!

Elimu hii si ngeni Eldoret. Mwaka 2012 shule ya Afrika ya mbinu za kukokotoa miundo ya elektroni, ASESMA, ilifanyika Chepkoilel, chuo ambacho mwaka uliofuata kilikuwa Chuo Kikuu cha Eldoret. Msamiati ndio umebaki nyuma. TUKI ilitoa Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia mwaka 1990. Sayansi haikutungoja tangu hapo.

Jioni hiyo nilimpa jirani kipande cha waya, nikamweleza kuhusu pengo, atomi ya ziada na mteguko. Aliukunja hadi ukakatika, akautazama.

“Kumbe!” akasema. “Basi aje aniambie kwa nini kiungo nilichochomelea vizuri hupasuka kikishapoa.”

Swali hilo linaweza kujaza sura nzima ya tasnifu. Limekaa karakana miaka mingi, hatua chache kutoka chumba cha mtafiti, likisubiri lugha ya kulifikisha.