Fahamu: Mfumo mpya, kompyuta inajizima. Kosa liko wapi?

Tangu Microsoft ilipositisha usaidizi wa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, mwenye kompyuta kuukuu, awe Buteba, Busia au Tororo, ana njia mbili kuu: Windows 11, inayodai chipu ya TPM 2.0 na RAM ya GB 4 au zaidi, au Linux. Mashine ikianza kujizima baada ya kuhama, lawama huuangukia mfumo mpya. Nadhani tunauhukumu mapema mno. Mfumo mpya hutumia RAM na diski kwa namna nyingine, na ubovu uliojificha huibuka.

Utasema, mbona jana ilikuwa nzima? Hoja ina uzito, kwa sababu draiva isiyolingana na kadi ya picha au ya Wi-Fi huweza kuiangusha kompyuta nzima. Lakini kuna kipimo. Nakili kwanza faili zako, kisha washa kompyuta kwa flashi yenye Memtest86+, programu ya kupima RAM, uiache usiku kucha. Programu hii hufanya kazi bila Windows wala Linux. Mistari myekundu ikijitokeza, mfumo hauna hatia. Chomoa RAM, pima kipande kimoja kimoja. Mistari hiyo isipojitokeza, safisha vumbi kwenye feni, ndipo ugeukie draiva.