Nguvu, Mguso na Istilahi: Mitambo ya Mrejesho wa Nguvu katika Pinboli Pepe

1.0 Utangulizi

Pinboli ni mchezo wa mashine ambamo gololi ya chuma, yenye kipenyo cha takriban milimita 27 na uzito wa gramu 80 hivi, hukimbia juu ya ubao ulioinama na kufunikwa kwa kioo. Mwaka 1871 Montague Redgrave wa Cincinnati, Marekani, alipewa hataza ya mchezo uliotumia springi kufyatua gololi. Mwaka 1947 kampuni ya Gottlieb ya Chicago ilitoa mashine iitwayo Humpty Dumpty, ambayo ilikuwa ya kwanza kuwa na vipigio vya umeme, yaani mikono midogo inayomwezesha mchezaji kuirudisha gololi juu. Katika jiji la New York mchezo huu ulipigwa marufuku tangu 1942 kwa hoja kwamba ulikuwa aina ya kamari. Marufuku hiyo iliondolewa mwaka 1976, baada ya Roger Sharpe kuonyesha mbele ya madiwani kwamba ustadi wa mchezaji unaweza kuamua gololi iende wapi.

Ustadi huo ni wa mwili mzima: mchezaji huisukuma mashine kwa viganja na kuupokea mshtuko wake kwa mikono na miguu. Katika pinboli pepe ubao umekuwa kiwambo cha kompyuta kilicholazwa ndani ya kabati, na gololi imekuwa picha. Picha haina uzito. Makala haya yanaeleza jinsi wapenzi wa mchezo huu wanavyourudisha uzito huo kwa mitambo waifungayo nyumbani, na yanachunguza namna Kiswahili kinavyoweza kuitaja mitambo hiyo.

2.0 Aina za Nguvu na Vitenzi Vyake

Mitambo inayohusika inaweza kugawanywa kwa kufuata vitenzi ambavyo tayari vimo katika lugha.

Kwanza ni kugota na kugonga. Katika mashine halisi vipigio huendeshwa na solenoidi, yaani koili ya waya inayovuta mchi wa chuma umeme unapopita. Mlio na mshtuko hutokea pale mchi unapofika mwisho na kusimamishwa ghafla. Katika kabati la nyumbani hutumiwa solenoidi ndogo za voti 12 au 24, au kontakta, yaani swichi kubwa za sumaku zinazojulikana sana na mafundi umeme. Kontakta hugota, solenoidi kubwa hugonga. Kile kishindo kimoja kinachotangaza kwamba mchezaji amepata mchezo wa bure kinahitaji solenoidi iliyoelekezwa kwenye ubavu wa kabati.

Pili ni kutikisa. Mota hufungwa uzito upande mmoja wa mhimili wake. Nguvu inayozalishwa ni zao la tungamo, umbali wake kutoka kwenye mhimili, na mraba wa kasi ya mzunguko. Uzito wa gramu 100 ulio sentimita 3 kutoka kwenye mhimili hutoa takriban nyutoni 12 mota inapozunguka mara 600 kwa dakika, lakini hutoa nyutoni 47 inapozunguka mara 1,200. Kasi ikiongezwa maradufu, nguvu huongezeka mara nne. Ndiyo sababu mota hii hudhibitiwa kasi yake, wala haiachiwi umeme wote.

Tatu ni kutetema. Vipaza sauti visivyo na koni hubanwa kwenye mbao za kabati, aghalabu katika pembe zake nne, na kuutetemesha ubao wenyewe. Kwa kuwa kila kimoja hupokea mkondo wake wa sauti, mkono wa mchezaji huweza kutambua kama gololi inaviringika kushoto au kulia, karibu au mbali.

3.0 Njia ya Amri na Hatari Zake

Programu nyingi za pinboli pepe huendesha nakala ya programu asilia iliyokuwamo katika mashine ya zamani. Programu hiyo inapoamuru koili fulani iwake, amri hiyo hunaswa na kupelekwa kwenye bodi ya udhibiti, nayo hufungulia umeme kifaa kinacholingana. Hivyo basi, mgongo huo si pambo lililobuniwa na fundi; ni amri ileile iliyoandikwa na wabunifu wa mashine asilia, ikitekelezwa na chuma kingine.

Bodi yenyewe haiwezi kubeba mkondo mkubwa. Kazi hiyo hufanywa na transista au rilei. Koili inapokatiwa umeme, sumaku yake huporomoka na kuzalisha volteji kubwa ya kinyume inayoweza kuiua transista. Kwa sababu hiyo dayodi hufungwa sambamba na koili, ikiwa imegeuzwa dhidi ya mkondo wa kawaida.

Hatari kubwa zaidi ni joto. Koili ya voti 24 yenye ukinzani wa omu 4 hupitisha ampea 6, yaani wati 144. Ikiwaka kwa sehemu 5 za mia ya sekunde hutumia juli 7.2 tu, programu ikikwama na kuiacha ikiwaka sekunde 10, hutumia juli 1,440, na karibu zote hugeuka joto ndani ya sanduku la mbao. Fyuzi kwa kila koili na saa ya kukata umeme si mambo ya hiari.

Aidha, kuna tatizo la mzunguko. Kabati huwa na kipimamchapuko kinachotambua msukumo wa mchezaji. Mota ya kutikisa inapoanza kazi, kipimo hicho hakiwezi kutofautisha mtikiso wa mashine na wa binadamu. Gololi ya picha hupotoka bila kuguswa, na pengine mashine humwadhibu mchezaji kwa kosa asilolitenda. Fundi hulazimika kukihamishia kipimo mbali na mota na kupunguza wepesi wake wa kuhisi.

4.0 Suala la Istilahi

Uundaji wa majina ya vifaa kwa ki-…-o unaonekana kuwa njia rahisi, lakini una mitego. Kutokana na gonga hupatikana kigongo, neno ambalo tayari lina maana ya nundu na ya fimbo fupi. Kunyambua kwanza katika kauli ya kutendea huondoa mgongano huo: kigongeo, kitikisio, kipigio, kwa mfano wa kipimio. Mfumo huu una faida ya kumwonyesha msomaji kazi ya kifaa. Solenoidi, dayodi na kontakta, kwa upande mwingine, ni vijenzi vyenye kazi nyingi. Kuvipa jina la kazi moja kungepotosha, na ukopaji unafaa zaidi.

5.0 Hitimisho

Imeonyeshwa kwamba mrejesho wa nguvu una pande mbili: mashine humrudishia mchezaji nguvu, na mchezaji huirudishia mashine. Mtambo unaozidisha upande wa kwanza huuziba wa pili, na ustadi uliotetewa mwaka 1976 hugeuka kelele. Imeonekana pia kwamba lugha inayotofautisha kugota, kugonga, kutikisa na kutetema haina upungufu wa msamiati wa mguso. Kazi iliyobaki kwa wanaistilahi ni kuyapa matendo hayo majina ya vifaa yasiyogongana.