Ngoma ya Umeme Husikia Kwanza, Hulia Baadaye

Nyegina, nje kidogo ya mji wa Musoma, ni misheni kongwe ya Kanisa Katoliki mkoani Mara, na ndipo Julius Nyerere alipobatizwa Desemba 23, 1943. Misa ya siku zile ilikuwa ya Kilatini. Miaka 20 baadaye, Desemba 4, 1963, Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulipitisha hati yake juu ya Liturujia. Hati hiyo iliagiza muziki wa asili wa kila watu uheshimiwe ndani ya ibada, na vyombo vyao vikubaliwe pale vinapofaa. Leo ngoma na kayamba zimezoeleka kanisani, hata kijana wa kwaya anashangaa akiambiwa kuwa jambo hilo lilihitaji ruhusa.

Sasa mazungumzo ni mengine. Kinanda cha umeme kimeshaingia katika kwaya nyingi za Kanda ya Ziwa, na baada ya kinanda vijana huomba dramu za umeme. Wameziona kwenye video za kwaya za mijini na wametazama matangazo: sauti mamia kadhaa, nyimbo za mazoezi, vitufe vinavyowaka. Mweka hazina wa kwaya anauliza bei. Makala hii ni kwa ajili yake na kwa ajili ya kijana atakayekaa kwenye kiti cha dramu. Jambo kuu ninalotaka kuwaambia ni kwamba fedha mnayotoa hainunui wingi wa sauti. Inanunua uwezo wa chombo kumsikia mpigaji.

Tuanze na kinachotokea fimbo inapogusa pedi. Chini ya wavu au mpira wa kila pedi kuna kisahani chembamba cha shaba njano kilichobandikwa kauri. Kauri hiyo ikikandamizwa au kutikiswa hutoa umeme kidogo. Ndugu wawili wa Ufaransa, Jacques na Pierre Curie, walionyesha tabia hii katika fuwele mwaka 1880, Pierre akiwa kijana wa miaka 21. Kisahani cha namna hiyo ndicho kinacholia ndani ya saa nyingi za kengele: huko kinapewa umeme kinatetemeka, huku kinatetemeshwa na fimbo kinatoa umeme. Bei yake ni ndogo sana, na ni vizuri kulikumbuka hilo kwa sababu tutalirudia tutakapofika kwenye vifaa vilivyotumika.

Umeme huo unapita kwenye waya hadi kwenye moduli, kile kisanduku chenye vitufe na kioo. Moduli inangoja milisekunde chache, inatafuta kilele cha wimbi lililoingia, na kulipa pigo namba. Katika MIDI, lugha iliyoanza mwaka 1983 ili vyombo vya kampuni tofauti vielewane, nguvu ya pigo huandikwa kwa namba kuanzia 1 hadi 127. Baada ya hapo moduli inachukua kutoka kwenye kumbukumbu yake sauti iliyorekodiwa studioni na kuitoa kwa nguvu iliyopimwa.

Kwa hiyo ugumu hauko kwenye kutoa sauti. Kuhifadhi sauti nzuri kwenye chipu ni kazi rahisi siku hizi. Ugumu ni kuamua, haraka sana, pigo hili lilikuwa la nguvu gani na lilitoka pedi ipi. Moduli dhaifu huyapuuza mapigo ya taratibu kwa sababu yamefunikwa na mitikisiko ya kawaida ya fremu. Pigo moja inaweza kulihesabu mara mbili kwa kuwa wavu uliendelea kuruka. Wakati mwingine unapiga tomu, mojawapo ya ngoma za seti, ukasikia toazi likilia, kwa kuwa mtikisiko ulipita kwenye vyuma vya fremu. Na lililo baya zaidi kwa mwanamuziki ni kupiga kidogo, kupiga wastani na kupiga kwa nguvu, kisha yakasikika mapigo yanayofanana. Mpigaji aliyekulia kwenye chombo cha namna hiyo hujizoesha kugonga kwa nguvu moja tu, na akihamia ngoma halisi, tabia hiyo anahama nayo.

Ngoma ya ngozi haina tatizo hilo kwa sababu haipimi chochote, inatikisika tu. Lakini ndani ya kutikisika huko kuna mengi. Utando wa duara haufanyi kama uzi wa chombo cha nyuzi kama litungu. Uzi hutoa sauti ya msingi na juu yake sauti za mara mbili, mara tatu, mara nne. Utando hutoa sauti ya msingi, kisha ya mara 1.59, halafu mara 2.14, namba zisizolingana vizuri, ndiyo maana ngoma nyingi hazisikiki kuwa na noti moja iliyo wazi. Ukipiga katikati unaamsha zaidi mtetemo wa msingi na kupata mshindo mzito. Ukipiga karibu na ukingo unaamsha ile mingine na kupata mlio mkali. Kiganja kikibaki juu ya ngozi, mitetemo inakufa papo hapo. Mpigaji mzuri wa ngoma za kwaya hucheza na mambo haya yote ndani ya wimbo mmoja bila kuyafikiria.

Sasa fikiria pedi yenye kihisi kimoja. Inajua ulipiga kwa nguvu kiasi gani, lakini haijui ulipiga wapi. Ikiongezwa kihisi cha pili, inatofautisha katikati na ukingo. Pedi za bei ya juu zina vihisi kadhaa na huwasiliana na moduli kwa njia ya kidijitali, ili zijue hata umbali wa fimbo kutoka katikati. Kila hatua katika ngazi hiyo ni hatua ya bei.

Historia ya chombo chenyewe inaonyesha fedha ilikwenda wapi. Mwaka 1981 kampuni ya Uingereza, Simmons, ilitoa SDS-V, zile pedi za pembe sita zilizoonekana sana kwenye muziki wa miaka ya 1980. Uso wake ulikuwa mgumu kama meza, na vifundo vya mikono ya wapigaji viliumia. Mwaka 1997 Roland ya Japani ilitoa TD-10, ikiwa na pedi za wavu zinazorudisha fimbo karibu kama ngozi na hazipigi kelele. Kwa miaka mingi wavu ulikuwa wa matajiri. Leo hata seti ya mwanzo kama Alesis Nitro Max, iliyotolewa mwaka 2023 kwa bei ya takriban dola 400 za Marekani, ina pedi za wavu. Raha ya mkono imeshuka bei. Usikivu bado haujashuka kiasi hicho, na hapo ndipo mnunuzi anapodanganyika: anagusa pedi laini dukani, anaamini kuwa amepata chombo cha juu.

Dola 400 kwa viwango vya miaka ya karibuni ni shilingi milioni 1 au zaidi kidogo, kabla ya usafiri, ushuru na VAT ya asilimia 18. Kwa fedha hizo tarajieni chombo cha mazoezi kilicho bora kuliko vilivyouzwa ghali miaka 15 iliyopita. Sneya yake, ngoma iliyo mbele ya mpigaji, itafaa, tomu zitafaa, lakini hai-hati itawachosha. Toazi hilo ndilo sehemu ngumu kuliko zote, kwa sababu mguu hulifungua na kulifunga kwa viwango visivyo na idadi, na pedali ya bei nafuu hutambua hatua chache tu. Seti ya karibu dola 2,000, mfano wa Roland TD-17 katika matoleo yake ya juu, ina hai-hati inayokaa kwenye stendi halisi na sneya inayosikia mapigo madogo. Hapo mpigaji wa jukwaani anaweza kufanya kazi yake bila kulalamika. Zinazopita dola 7,000, kama Roland VAD706, zina magogo ya mbao na vihisi vya kidijitali, na sioni sababu ya kwaya ya parokia kuzifikiria.

Kati ya ngazi mbili za mwanzo kuna matangazo mengi yanayopigia debe idadi ya sauti. Msiyasikilize. Mpigaji hutumia seti mbili tatu za sauti maisha yake yote.

Lipo jambo ambalo wauzaji hulitaja mara chache: dramu za umeme peke yake ni bubu. Mkizitoa kwenye boksi na kuziwasha, mtasikia vijiti vikigonga wavu. Zinahitaji spika, na si spika yoyote. Nguvu ya kiki, ngoma kubwa ya mguuni, iko chini, karibu na mitetemo 50 hadi 100 kwa sekunde, na wimbi la mitetemo 60 lina urefu wa zaidi ya mita 5. Kuusukuma huo mshindo kunahitaji kusogeza hewa nyingi, kazi ya spika ya inchi 12 au 15 yenye amplifaya ya kutosha. Vispika vidogo vya kompyuta vitatoa ukelele wa fimbo bila mshindo. Ongezeni kiti, pedali ya kiki (seti nyingine huja bila vyote viwili), vipokea sauti na waya. Kwa kwaya yenye milioni 3, ningetenga karibu nusu kwa ajili ya spika na vifaa hivi. Seti ya wastani kwenye spika nzuri itawafurahisha waumini. Seti nzuri kwenye spika mbovu itawachukiza wote.

Tafadhali msiunganishe dramu na spika kwa bluetooth. Sauti ikipita huko huchelewa, mara nyingi kwa zaidi ya milisekunde 100. Sauti hewani husafiri takriban mita 343 kwa sekunde, maana yake ndani ya milisekunde 100 huenda mita 34. Ni sawa na ngoma kupigwa na mtu aliyesimama ng'ambo ya uwanja wa kanisa, halafu wanakwaya wamfuate. Moduli yenyewe huchelewa milisekunde chache tu, sawa na kusimama hatua mbili tatu kutoka kwenye ngoma, na hilo sikio halilioni. Tumieni waya.

Umeme wa TANESCO ukikatika katikati ya Utukufu, ngoma ya ngozi inaendelea. Moduli nyingi, bahati nzuri, hula wati chache tu, kwa hiyo betri ya sola yenye inveta ndogo inaibeba bila shida. Mlaji mkubwa ni spika. Angalieni sana adapta. Kwenye moduli nyingine ncha ya katikati ni hasi, kwenye nyingine ni chanya, na adapta ya kuazima yenye tundu linalolingana inaweza kuunguza moduli kwa sekunde moja. Andikeni jina la chombo juu ya adapta yake kwa rangi isiyofutika.

Vifaa vilivyotumika vinavyopatikana Mwanza, Dar es Salaam au Nairobi vinaweza kuwa nafuu ya kweli, mradi mjue kipi kinatengenezeka. Pedi iliyokufa mara nyingi imekufa kwa waya uliokatika au kile kisahani cha kauri kilichopasuka, na fundi redio yeyote wa Musoma mwenye chuma cha risasi anaweza kukibadili. Moduli iliyokufa ni habari nyingine, kwa kuwa chipu zake haziuzwi mtaani. Kagueni moduli kama mnavyokagua injini ya gari, na pedi msiziogope.

Hewa ya ziwani nayo ina neno. Ngozi hunyonya unyevu, hulegea, na mlio wake hushuka; ndiyo sababu wapigaji huianika juani au kuiweka karibu na moto kabla ya ibada. Wavu wa plastiki haujali mvua. Hiyo ni faida ya kweli ya dramu za umeme, pamoja na uwezo wa kupunguza sauti. Ndani ya kanisa la bati na kuta za saruji, dramu za kawaida hupita desibeli 100 kirahisi na kuwafunika waimbaji. Wataalamu wa afya ya kazini wanataja desibeli 85 kuwa kikomo kwa saa 8, na kila zinapoongezeka 3 muda huo wanaukata nusu. Kijana anayefanya mazoezi kwa vipokea sauti naye asipandishe sauti hadi mwisho, maana sikio lililoharibika kwa kelele halirudi.

Lakini sauti zilizomo kiwandani ni za dramu za Marekani na Ulaya, na labda konga na bongo. Ngoma za watu wa Mara sijazikuta humo. Kwa kwaya inayojali hilo, kuna njia ninayoipenda kuliko kununua seti nzima: kifaa kimoja chenye pedi kadhaa kinachopokea rekodi za mtumiaji, kama Roland SPD-SX iliyotoka mwaka 2011. Rekodini ngoma zenu wenyewe, mapigo ya katikati na ya ukingo, ya taratibu na ya nguvu, mziingize humo. Hata hivyo rekodi haitajua kiganja kilichobaki juu ya ngozi.

Hukumu yangu basi ni hii. Kwaya yenye chini ya milioni 2 isinunue dramu za umeme. Inunue spika nzuri na maikrofoni ya kusimamisha mbele ya ngoma za ngozi ilizonazo. Itapata sauti ambayo hakuna moduli ya bei hiyo inayoweza kuitoa, na spika hiyo itatumika baadaye. Yenye milioni 3 hadi 4 ichukue seti ya mwanzo yenye wavu, ikijua kuwa hai-hati itakuwa na mipaka. Yenye milioni 8 ndiyo inayoweza kuweka seti ya daraja la kati jukwaani pamoja na spika zake.

Na siku ya kununua, nendeni na mpigaji wenu. Msimwambie apige kwa nguvu kumfurahisha muuzaji. Apige sneya taratibu kabisa, kisha aongeze kidogo kidogo, huku mkisikiliza kama kila hatua inasikika. Agonge pedi moja na mwingine aangalie kama nyingine zimelia. Afungue na kufunga hai-hati polepole. Chombo kikishindwa mtihani huo, kiacheni dukani hata kama bei yake inapendeza.