Mshale wa Geji na Amana ya Safari

Katika misafara ya zamani iliyotoka Bagamoyo kuja Unyanyembe, aliyetangulia mbele aliitwa kirangozi. Tajiri mwenye mali alifuata nyuma, na wapagazi, wengi wao Wanyamwezi, walitua mizigo pale alipotua kirangozi. Ilimpasa ajue maji yalipo. Kati ya Ugogo na Unyanyembe palikuwa na pori kavu lililoitwa Mgunda Mkali, na aliyekosea kisima huko aliwatia wenziwe wote katika hatari ya kiu.

Ndugu msomaji, tumeyakumbuka hayo kwa sababu ya gari.

Marehemu baba yetu, Allah amrehemu, alituachia Land Rover Series III, gari la aina iliyotengenezwa kuanzia mwaka 1971. Hapa Tabora gari hilo limebeba mahindi, wagonjwa, maharusi na jeneza la baba mwenyewe. Mwaka jana geji yake ya joto iliharibika. Kila tulipokwenda mwendo mfupi, mshale ulipanda hadi kwenye alama nyekundu. Tulisimama, tukafungua boneti, tukakuta rejeta imejaa na injini haina dalili ya kuchemka. Tulipoondoka, mshale ukapanda tena.

Tulipeleka gari kwa fundi. Akabadili sensa, kile kifaa kidogo kilichofungwa kwenye injini kupima joto la maji. Tukalipa, lakini mshale haukubadilika. Mwishowe akatuambia, "Gari ni zima. Huo mshale upuuzeni." Nasi tukaupuuza.

Basi ikaja habari kutoka Ujiji kwamba mama mdogo anaumwa sana, na mama akataka kwenda kumwona. Njia hiyo, kupita Urambo, Kaliua na Uvinza, ni zaidi ya kilomita 300, na sehemu kubwa ni pori la miombo. Mama alipoketi akauona mshale, akauliza maana yake. Tukamwambia kuwa ni mwongo, asiujali. Akashuka garini.

"Wanangu," alisema, "siku ukisema kweli mtaijuaje? Mtu aliyeambiwa amfunge ngamia wake ndipo amtegemee Mwenyezi Mungu hakuambiwa afumbe macho."

Tuliona haya. Alasiri ile tulikwenda kwa mzee mmoja aliyetengeneza magari ya aina hiyo tangu ujana wake. Hakugusa injini. Aliuliza swali moja tu: "Na geji ya mafuta inasemaje?" Tukashtuka. Tangi lilikuwa nusu, lakini geji ilionyesha limejaa. Hatukuwahi kuyaweka mambo hayo mawili pamoja.

Mzee akatueleza. Katika gari hilo, geji ya joto na geji ya mafuta hulishwa umeme na kifaa kimoja kilichofichwa nyuma ya dashibodi, ambacho mafundi hukiita stebilaiza. Betri ni ya volti 12, na injini ikiwaka umeme hufika kama volti 14. Geji hizo zinahitaji wastani wa volti 10. Ndani ya stebilaiza mna kibati cha metali mbili zilizoshikamana: kikipata moto hujipinda na kukata umeme, kikipoa huurudisha, na hivyo huendelea muda wote gari liwapo kazini. Lakini ili kipate moto, lazima ganda la kifaa liguse vizuri bodi ya gari, yaani kiwe na ethi. Kutu ikiingia hapo, kibati hakipati moto, umeme wote hupita bila kukatwa, na mishale yote miwili hupanda kupita kiasi.

"Ikidanganya geji moja, tazameni sensa yake, waya wake au geji yenyewe," alisema. "Zikidanganya mbili kwa pamoja, tazameni kinachozilisha."

Alifungua stebilaiza, akasugua kwa msasa mahali ilipofungwa hadi bati likang'aa, akaifunga tena. Mshale wa mafuta ukarudi nusu. Ule wa joto ukapanda polepole, ukatulia katikati. Hapakuhitajika kununua kitu.

Alitufunza pia namna ya kupima geji moja ikishukiwa. Waya wa sensa huchomolewa na swichi hufunguliwa: mshale unapaswa kulala upande wa baridi. Kisha ncha ya waya huguswa kwenye chuma cha injini kwa nukta moja tu, nao mshale unapaswa kuanza kupanda. Ukifanya hivyo, waya na geji ni vizima, na wa kushukiwa ni sensa.

Tuliondoka na mama alfajiri ya pili yake, baada ya kuswali. Tulipokuwa tumeipita Kaliua, mshale wa joto ukaanza kupanda. Zamani tungeendelea. Safari hii tulitazama kwanza geji ya mafuta: ilikuwa imetulia mahali pake. Basi aliyesema alikuwa anasema kweli. Tukazima gari chini ya mti.

Kibano cha mpira wa chini wa rejeta kilikuwa kimelegea na maji yakivuja. Hatukufungua kifuniko mara moja, kwa kuwa maji yaliyo chini ya shinikizo huruka na kuunguza. Katika nyanda hizi, Tabora ikiwa kiasi cha mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, maji ya wazi huchemka yakiwa kama nyuzi 96, na ni shinikizo la kifuniko linaloyazuia yasichemke mapema. Tulingoja hadi injini ikapoa, tukakaza kibano, tukaongeza maji ya madumu. Lau tungechelewa, maji yangeshuka chini ya sensa, na hapo hata geji nzima yaweza kuonyesha baridi huku injini ikiungua.

Magharibi ilitukuta Ujiji. Mama akaingia ndani, akaketi kitandani kwa mdogo wake, wakashikana mikono bila kusema. Siku tatu baadaye mama mdogo alifariki. Inna lillahi wa inna ilayhi raji'un.

Mama hutukumbusha kila mara kwamba walikutana. Nasi, kila tunapowasha gari la baba, hutazama mishale yote miwili kabla ya kusema bismillahi na kuondoka.