Kwa nini marubani wa US Airways walikosa mkataba mmoja

Kampuni za ndege za Marekani, US Airways na America West, ziliungana mwaka 2005, lakini marubani wake walibaki na mikataba miwili. Kiini cha mgogoro kilikuwa orodha ya ukongwe kazini, ambayo huamua ndege atakayorusha rubani, likizo yake na nani atangulie kupunguzwa.

Mwaka 2007 mwamuzi George Nicolau aliwaweka mwishoni marubani wa US Airways waliokuwa wamesimamishwa kazi, wengine wakiwa na utumishi mrefu. Wenzao, waliokuwa wengi kuliko wa America West, hawakuukubali uamuzi huo. Mwaka 2008 kura yao ilikiondoa chama cha ALPA na kukiweka USAPA. Viongozi walibadilika, miaka ikapita bila mkataba wa pamoja.