Picha imeonyesha uvimbe. Uvimbe gani?

Mama muuza mitumba wa Soko la Toi akipigwa picha ya altrasaundi kwa maumivu ya nyonga, neno moja kwenye ripoti humkosesha usingizi: uvimbe. Kabla jua halijatua keshatajiwa dawa za kusafisha kizazi na keshahesabiwa wote waliopasuliwa. Ningetamani kwanza aulize ni uvimbe wa aina gani, na ukubwa wake ni upi.

Mwanamke anayepata hedhi hutengeneza kifuko cha maji kwenye ovari karibu kila mwezi, na humo ndimo yai hukomaa. Kifuko hufikia sentimita 2 hivi, kisha hupasuka. Kisipopasuka huendelea kukua, nasi wapiga picha hukikuta kwenye altrasaundi: maji meusi tititi, ukuta mwembamba, ndani hamna kitu. Kikiwa chini ya sentimita 5, na mama hajakoma hedhi, kwa kawaida hakihitaji kisu. Vingi hunywea vyenyewe ndani ya miezi michache. Ukiambiwa urudie picha, afadhali iwe siku chache baada ya hedhi kwisha.

Aina nyingine nazo zina sura zake. Uvimbe wa endometriosisi huwa na damu nzito ya zamani, nayo huonekana kama ukungu wa kijivu uliotanda sawasawa. Demoidi hubeba mafuta, nywele, hata meno. Faibroidi hutoka kwenye msuli wa mji wa mimba, si kwenye ovari. Tukiona vinundu vigumu vinavyopitisha damu nyingi, au maji yamejaa tumboni, hatungoji. Tunakupeleka kwa daktari wa magonjwa ya wanawake.

Kujua aina ya uvimbe hubadilisha mambo. Mwaka 1958, daktari Ian Donald na wenzake wa Glasgow waliandika katika jarida la kitabibu la Lancet kuhusu mama aliyedhaniwa ana saratani isiyotibika. Mawimbi ya sauti yakaonyesha uvimbe mkubwa wa maji kwenye ovari. Ukatolewa, akapona.

Kwa picha inayopigwa kupitia tumboni, kunywa maji na usiende haja ndogo. Najua ni vigumu kwa anayekaa kibandani tangu alfajiri bila wa kumshikia, lakini sauti haipiti vizuri kwenye matumbo yenye hewa, na kibofu kilichojaa huyasogeza kando. Picha ya kupitia ukeni huhitaji kibofu kitupu, na hufanywa kwa ridhaa yako tu.

Maumivu makali ya ghafla upande mmoja, pamoja na kutapika, yanaweza kuwa ovari iliyojisokota na kukosa damu. Usingoje miadi wala kufunga kibanda kwanza. Hospitali za Mbagathi na Kenyatta haziko mbali na Toi. Nenda saa hiyo hiyo, hata usiku.